Ndoo ya Lita 20: Tathmini ya Kifurushi cha Staha Tulichopewa Baada ya Mafuriko

Katika karatasi za wafadhili kinaitwa kifurushi cha staha, yaani vitu vya usafi na usalama wanavyogawiwa wanawake waliopatwa na janga. Kambini kwetu hakuna aliyekiita hivyo. Kiliitwa ndoo, kwa sababu kila kitu kilikuja kimepangwa ndani ya ndoo nyeupe ya lita 20 yenye kifuniko, na mwanamke aliyekwisha kupata chake alisema tu kwamba amepata ndoo. Ninakifanyia tathmini kama mtu anavyoitathmini simu aliyoinunua au nyumba ya wageni aliyolala, kwa kuwa nimevitumia vyote vilivyokuwamo, nimewaona wenzangu wakivitumia, na ninaamini kwamba kitu kinachogawiwa bure kinastahili kukaguliwa kwa ukali uleule wa kitu kinachouzwa dukani. Aliyepewa bure huona haya kutaja kasoro, na kwa sababu ya haya hiyo kasoro ileile hurudi na kila lori la msaada.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Kaunti ya Tana River, upande wa Garsen. Mto wetu haufuriki kwa mvua ya kwetu peke yake. Maji huteremka kutoka Mlima Kenya na Aberdare, hupita katika mabwawa ya Seven Forks, na mabwawa yakijaa hadi kumwagika, sisi wa chini hubakiwa na siku chache tu za kuhama. Tulikuwa tumetoka katika ukame wa misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua ya kutosha, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020. Kisha mwishoni mwa 2023 ikaja mvua ya El Niño, na kabla mashamba hayajakauka vizuri yakaja mafuriko ya masika ya 2024, ambayo yaliua zaidi ya watu 280 nchini. Wengi wanaikumbuka Mai Mahiu, ambako maji yaliwazoa watu usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, au mashua iliyozama siku moja kabla yake pale Kona Punda, kati ya Garissa na Madogo. Sisi hatukuwa habari. Tulihama na magodoro kichwani, tukaingia katika shule ninayofundisha, na kwa kuwa ufunguzi wa shule uliahirishwa hadi tarehe 13 Mei, darasa langu la hesabu likawa chumba cha kulala cha familia 6, yangu ikiwa mojawapo.

Ndoo zilifika siku ya 9.

Kifurushi cha namna hii si kitu kipya. Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, UNFPA, limekigawa katika majanga mengi duniani, na mashirika mengine huunda chao kwa mfano huo, kila moja likibadilisha vitu kulingana na desturi za mahali. Chetu kilitoka kwa shirika ambalo sitalitaja. Kazi yake ni mbili: kumwezesha mwanamke aliyepoteza kila kitu kujisitiri na kukaa safi, na kumfikishia habari kuhusu dhuluma ambazo huwafuata wanawake kambini, pamoja na mahali pa kukimbilia zikimpata. Kazi ya kwanza inaonekana kwa macho na ni rahisi kuikagua. Ya pili ndiyo iliyonifanya niandike, kwa maana nimeona sehemu ikifanywa vizuri kuliko nilivyotarajia na sehemu ikifanywa vibaya kiasi cha kuhatarisha watu.

Kwa nini dhuluma hizo zifuate mafuriko, mtu aliye mbali anaweza kuuliza. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Hesabu hiyo ilifanywa watu wakiwa majumbani mwao, wenye milango, majirani wanaowajua, na pesa kidogo za akiba ambazo mke amezificha chini ya unga. Mafuriko huondoa mlango, huondoa jirani, huondoa akiba, kisha humlaza mume asiye na shamba wala mifugo ndani ya chumba kimoja na watu asiowajua, huku mke ndiye anayeitwa kupokea chakula. Katika kisiwa cha Tanna huko Vanuatu, kituo cha ushauri cha wanawake kilieleza kwamba kesi mpya za dhuluma za nyumbani ziliongezeka kwa asilimia 300 baada ya vimbunga viwili vya mwaka 2011. Sijawahi kufika huko, lakini niliposoma habari hiyo nilihisi kwamba ninasoma juu ya darasa langu.

Sasa nifungue ndoo. Leso mbili zilikuwa nzuri, za pamba, za upana wa kutosha, ingawa jina lililoandikwa juu yake lilikuwa tangazo la mfadhili mahali ambapo sisi huweka methali, jambo lililowachekesha akina mama kwa muda mrefu. Chupi tatu zilikuwa za kipimo kimoja, kana kwamba wanawake wote wa Tana River wameshonwa kwa mtindo mmoja. Sabuni ya kipande ilitosha majuma mawili. Mswaki na dawa ya meno sina la kusema juu yake. Ndoo yenyewe ndiyo iliyokuwa na thamani kubwa kwa matumizi ya kila siku: ilichota maji, ilihifadhi unga usiguswe na panya, ilikuwa kiti mchana na meza usiku, na hadi leo ninaitumia kuwekea maji ya kunywa, kifuniko chake kikiwa hakijapasuka.

Sodo zilikuwa za aina mbili, pakiti za kutupa na za kitambaa za kufuliwa. Waliochagua za kitambaa walikuwa na nia njema, kwa kuwa pakiti huisha na lori huenda lisirudi. Lakini sodo ya kitambaa inahitaji maji ya kuifulia, kamba ya kuianikia na jua, na hakuna mwanamke wa kwetu atakayeianika mbele ya baba mkwe wake katika uwanja wa shule. Nyingi zilianikwa ndani ya madarasa, chini ya leso, zikabaki na unyevu. Kipande cha turubai cha kuzungushia kona moja ya uwanja kingelitatua tatizo hilo. Tulikiomba na hakikuja, basi tukashonea magunia.

Taa ya sola ndiyo niliyoisubiri kwa hamu. Ilikuwa ndogo ya kushikwa mkononi, yenye tundu la kuchajia simu, na ikipata jua la mchana mzima iliwaka hadi alfajiri. Choo chetu kilikuwa umbali wa mita 100 hivi kutoka kwenye madarasa, nyuma ya miti ya mwarobaini, na kabla ya taa kufika wanawake wengi walikuwa wameacha kunywa maji tangu saa kumi jioni ili wasilazimike kutoka usiku. Usiku wa kwanza wa taa niliona kundi la wasichana wakienda wakicheka, kila mmoja na mwanga wake, na nikasema moyoni kwamba mfadhili huyu amepatia. Baada ya siku nne nilizihesabu taa zilizobaki mikononi mwa wanawake katika darasa letu: kati ya 6 zilikuwa 2. Nyingine zilikuwa barazani, zikimulika bao. Taa ya mama ilikuwa imegeuka taa ya nyumba, na taa ya nyumba ni ya mwenye nyumba. Mtu anaweza kucheka, lakini ni kasoro ya bidhaa inayotabirika, na dawa yake ni kugawa taa mbili au kutundika taa kubwa ya kudumu njiani na mlangoni mwa choo, ambako hakuna awezaye kuibeba.

Firimbi nayo ilikuwa hadithi. Kila ndoo ilikuwa na moja ya plastiki, nyekundu, yenye uzi wa kuvaa shingoni, na mgawaji alisema tu, "Ukiona hatari, piga." Kufikia magharibi watoto walikuwa wamezinyakua, na uwanja wote ulilia kama mechi yenye marefa 100. Siku ya tatu ilipopigwa usiku kwa haki, hakuna aliyegeuza shingo. Kwa bahati aliyeipiga alikuwa ameona nyoka tu. Ninajua kwamba firimbi inaweza kufanya kazi. Katika kambi za Port-au-Prince, baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 12 Januari 2010 nchini Haiti, chama cha wanawake kiitwacho KOFAVIV, kilichoanzishwa na wanawake waliowahi kubakwa wao wenyewe, kiligawa firimbi pamoja na tochi na kikapanga watu wa kushika doria. Hapo sauti ya firimbi ilikuwa na maana ambayo watu wameafikiana: nani atoke, aende wapi, na nani abaki na watoto. Sisi tulipewa chombo bila mapatano hayo. Mwishoni tulikaa wenyewe, tukaamua kwamba firimbi ikilia baada ya saa tatu usiku kila darasa litoe watu wawili wenye taa, na watoto wakanyang'anywa zao kwa vilio vingi. Ni mkutano wa nusu saa, na ungeweza kufanywa siku ileile ya ugawaji.

Nimefika kwenye karatasi, na hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo roho ya kifurushi hiki.

Habari kuhusu dhuluma zilikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kibandiko kikubwa kilichogandishwa ubavuni mwa ndoo, chenye maandishi mekundu ya kukataza dhuluma dhidi ya wanawake na mchoro wa mkono ulionyooshwa. Ya pili ilikuwa kadi ndogo, ya ukubwa wa kitambulisho, iliyotiwa ndani ya pakiti ya sodo, katikati, mahali ambapo huwezi kuiona hadi ufungue na kutoa sodo ya kwanza. Kibandiko kilipigwa picha nyingi na wageni. Kadi haikupigwa picha hata moja.

Kibandiko kilileta matata usiku uleule. Katika darasa la jirani mume mmoja alimuuliza mkewe ndoo hiyo imeandikwa kwa ajili ya nani, na kama yeye ameenda kumsema kwa wazungu ndipo akapewa. Alikikwangua kwa kisu. Wengine waliwaagiza wake zao wakikwangue wenyewe. Mwanamke aliyekuwa na sababu ya kweli ya kuogopa mumewe ndiye aliyelazimika kuingia naye chumbani akiwa amebeba tangazo linalomtuhumu, na sielewi ni nani aliyekaa mezani akaona kwamba jambo hilo litamlinda. Ndoo hubebwa kichwani, husomwa na kila mtu. Ujumbe kwa wanaume ungebandikwa ukutani mwa shule, au ungesomwa msikitini na kanisani, usingetwishwa mtu mmoja mmoja.

Kadi ilikuwa kinyume kabisa. Yeyote aliyefikiria kuiweka ndani ya sodo anawajua watu. Hakuna mwanamume wa kwetu atakayechakura pakiti hiyo, awe mume, kaka au mzee wa mtaa. Haya ileile inayomfanya ageuze uso dukani ndiyo iliyotupatia sanduku la siri. Na jambo hilohilo lilitokea kwenye foleni. Siku za chakula, wanaume husimama pembeni wakihesabu nani amepata nini. Siku ya ndoo, lilipotangazwa kwamba kuna sodo, walitawanyika hata bila kuombwa, na kwa muda wa saa mbili hema la ugawaji likawa mahali pekee kambini ambapo wanawake walikuwa peke yao na wangeweza kuongea. Mwanamke akiitwa na majirani zake, "Unaenda wapi?" alikuwa na jibu ambalo halina swali la pili. Wasimamizi wa ugawaji hawakulitambua hilo mapema. Walitusukuma twende haraka ili lori liondoke kabla ya giza. Kama ningekuwa mshauri wao, ningewaambia wagawe ndoo 40 kwa siku badala ya 200, wawe na kiti na mtu wa kusikiliza nyuma ya hema, na waache foleni ichelewe kadiri inavyotaka. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata hutaka muda wa kuzama.

Yaliyoandikwa katika kadi ni sahihi, nami niliyakagua moja baada ya jingine kwa muuguzi ninayemwamini. Inasema kwamba aliyebakwa afike hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi haifanyi kazi ikianzwa baada ya hapo, na kwamba dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi saa 120. Inasema asioge na asifue nguo alizovaa, azitie katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa kuwa plastiki huweka unyevu na kuharibu ushahidi. Inasema matibabu katika hospitali ya umma ni bure na hayasubiri polisi, yaani anaweza kutibiwa kwanza na fomu ya polisi iitwayo P3 ikajazwa baadaye. Ina nambari 1195, inayopigwa bila malipo usiku na mchana na yeyote aliyefanyiwa dhuluma za kijinsia, na nambari 116 ya watoto. Yote hayo yameenea upande mmoja na nusu, bila picha ya mwanamke analia, jambo ninalolishukuru.

Kasoro yake ya kwanza ni lugha. Kadi inasema "manusura wa unyanyasaji wa kingono," na mama mmoja wa makamo, msomaji mzuri wa Kiswahili, aliniuliza, "Mwalimu, hawa manusura ni wale waliookolewa majini?" Swali lake lilikuwa la haki, kwa kuwa redio ilikuwa imelitumia neno hilo wiki nzima kwa watu waliotolewa kwenye maji. Kwetu watu husema mtoto amefanyiwa tabia mbaya. Neno hilo nalo lina ubaya wake, maana linafunika ubakaji pamoja na mapenzi ya vijana wawili waliopendana, hata mkosaji na mkosewa wakaonekana wameshirikiana katika jambo moja la aibu. Mwandishi wa kadi alipaswa kutumia neno kubakwa, wazi, na kuongeza sentensi moja kwamba hata likiitwa tabia mbaya, hospitali ni ileile.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Kadi haikusema popote kwamba msaada wenyewe hauuzwi. Kambini, mwenye nguvu kuliko wote ni anayeandika majina. Yeye ndiye anayejua familia ipi imehama kwelikweli na ipi imekuja kwa ajili ya unga, na mjane asiye na mtu wa kumsemea hana budi kumsihi. Baada ya Kimbunga Idai kuipiga Msumbiji mwezi Machi 2019, shirika la Human Rights Watch lilichapisha ushuhuda wa wanawake waliosema kwamba viongozi wa mitaa waliwataka kimwili ndipo wawape chakula. Niliposikia minong'ono ya namna hiyo katika kambi yetu sikushangaa. Nilichoshangaa ni kwamba karatasi iliyotolewa mahususi kuwafahamisha wanawake juu ya dhuluma ilitaja mume, jirani na mtu asiyejulikana, lakini haikumtaja mgawaji. Maneno manane yangetosha: msaada huu haulipiwi kwa pesa wala kwa mwili. Chini yake ingewekwa nambari ya kulalamika ambayo haipokewi na mtu yuleyule anayelalamikiwa.

Pamoja na ndoo tulipewa somo la dakika 40 chini ya mwarobaini. Msichana aliyefundisha alikuwa na sauti ya upole na alitafsiri kwa Kipokomo na Kiorma kila alipoona nyuso zimeganda. Alifundisha vizuri sana juu ya maslaha, yaani desturi ya kumaliza kesi kati ya familia mbili kwa fidia, na alieleza kitu ambacho hata mimi sikukijua, kwamba kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 uamuzi wa kuisimamisha kesi haumo mikononi mwa baba wala wazee. Siku hizi umo mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Alieleza pia kwamba mwenye umri chini ya miaka 18 haozwi, hata kama ng'ombe wote wamekufa na mahari ndiyo pesa pekee inayoonekana. Hapo kulikuwa na ukimya mrefu, kwa kuwa kila mmoja wetu alimjua binti aliyekuwa akisemwa.

Kisha mwanamke mmoja wa nyuma, aliyejifunika leso hadi puani, aliuliza, "Na akiwa ni mume wangu?" Mwalimu wetu alisitasita, akasema suala hilo ni gumu, akaendelea mbele. Najua lilikuwa gumu. Sheria ile ya 2006 inawaacha nje watu waliooana kihalali. Lakini ipo Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015, ambayo inauhesabu unyanyasaji wa kingono ndani ya ndoa kuwa dhuluma ya nyumbani na inampa mtu haki ya kwenda mahakamani kuomba amri ya kumlinda. Jibu hilo halitoshi, mahakama yenyewe ilikuwa ng'ambo ya maji, lakini lilikuwa jibu. Kwa somo zima ninatoa alama 8 kati ya 10, na alama mbili nilizoziondoa zote ni za swali hilo.

Lipo jambo ambalo haliwezi kutiwa ndani ya ndoo, na tathmini hii isingekuwa ya kweli kama ningelinyamazia. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura, vile vijulikanavyo kwa jina la Sphere, vinasema choo kimoja kisitumiwe na zaidi ya watu 20 kambi ikishatulia, vyoo vya wanawake vitengwe na vya wanaume, viwe na komeo la ndani na mwanga, na mahali pa kuchota maji pasiwe mbali kupita mita 500. Vyoo vyetu vilikuwa vya kutosha kwa idadi, kwa sababu ni shule. Lakini makomeo yalikuwa yameng'oka zamani, na sisi walimu tulikuwa tukiandika barua kuhusu makomeo hayo kwa miaka miwili. Kamati ya kambi ilikuwa na wanaume 9 na mwanamke 1, ambaye aliombwa kila mara apike chai. Hakuna hata mjumbe mmoja aliyewahi kuuliza wanawake huoga wapi. Mwanamke alipewa taa, firimbi, kadi na mafunzo ya kujikinga, na fundi wa kufunga makomeo manne hakupatikana hadi tulipochanga wenyewe shilingi 50 kila nyumba. Ndipo nilipoelewa kwamba kifurushi hiki kwa ujumla wake kinamtaka mwanamke awe mlinzi wake mwenyewe. Kamati haikupewa ndoo. Ningependa siku moja waandaliwe yao, yenye nyundo, misumari, makomeo na kadi inayosema ni yapi watakayoulizwa wao.

Tarehe 13 Mei shule zikafunguliwa nasi tukahamishiwa mahema kwenye mwinuko ulio nyuma ya shule. Zipu za mahema hufungukia nje na ndani. Juma hilo taa zilidaiwa kwa nguvu na wenyewe, na nyingi zilirudi kutoka barazani. Hilo nalo nalihesabia kifurushi kama sifa, kwa kuwa mwanamke asiyejua kwamba kitu kimetolewa kwa jina lake hawezi kukidai.

Ukiniuliza nyota, ninakipa tatu kati ya tano. Ndoo, leso, kadi na mahali ilipofichwa kadi vinastahili nne. Kibandiko kinashusha, firimbi isiyo na mapatano inashusha, na kimya juu ya mgawaji kinashusha zaidi ya vyote. Kwa yeyote anayechanga pesa kununua vifurushi vya aina hii, katika jumuiya, msikitini, kanisani au katika chama cha Wakenya walio ng'ambo, shauri langu ni kwamba apunguze vitu na aongeze siku za ugawaji. Anunue chupi za vipimo vitatu. Aulize kwanza kama taa ya njiani ipo. Na amwite mwanamke mmoja wa mahali pale aisome kadi kwa sauti kabla haijachapishwa, aone ni wapi atakapokwama.

Kadi yangu ilianza kupauka kwa jasho na maji. Nimeinakili kwa mkono katika karatasi ya manila, neno manusura nikaliondoa, mstari wa msaada usiolipiwa kwa mwili nikauongeza, na mwezi Juni niliibandika ndani ya mlango wa choo cha wasichana wa shule yetu, juu kidogo ya komeo jipya. Hadi ninapoandika haya, hakuna aliyeibandua.